Vidonge Kutoka London

Binamu yangu anayeishi London hutuma pesa, nguo na ushauri. Mwaka huu akatuma dawa. Mtu aliyekuwa akija Mombasa alipewa kifurushi amletee mama mdogo, na ndani mlikuwa na marashi, soksi za sufu (za sufu, kwa mtu wa Likoni!) na pakiti kadhaa za vidonge vya rivaroxaban, dawa ya kuzuia damu isigande, achukue mahali pa warfarin anayomeza kwa ajili ya moyo wake. Ujumbe wa sauti ulioandamana na kifurushi ulikuwa mrefu. Kwa ufupi alisema hivi: warfarin ni dawa ya kale, ilianza kama sumu ya panya, huko aliko madaktari wameshahama, basi mama mdogo naye aache kusumbuliwa kwa kutolewa damu kila mara. Ameze kidonge kimoja na chakula cha usiku, yaishe.

Mama mdogo alifurahi, nami simlaumu. Siku ya kupimwa damu inavyoganda huamka alfajiri, akavuka feri, akapanda tuktuk hadi kliniki, akakaa foleni, akadungwa, kisha akangojea majibu ili aambiwe aongeze nusu kidonge au apunguze. Kuna safari alifika akaambiwa kemikali za mashine zimekwisha, arudi Jumatatu. Tena kuna habari ya mboga. Warfarin hufanya kazi kwa kupingana na vitamini K, na vitamini K imejaa kwenye majani mabichi, kwa hiyo leo asile mchicha bakuli zima na kesho asiuguse. Kisamvu kwa kiasi, kunde kwa kiasi, sukuma kwa kiasi. "Mwanangu," aliniambia siku moja, "kwani mimi nile nini, maneno?"

Akaniita. Katika ukoo wetu mtu akisomesha baiolojia sekondari huhesabiwa nusu daktari, nami nimeshachoka kukana.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee hivi vidonge. Nimeze ama nisimeze?"

Nikamwambia asivimeze, na warfarin asiiache hata siku moja, mpaka tumfikie daktari wake. Kisha nikarudi kwangu Tudor nikaanza kusoma. Nilitarajia kulinganisha dawa mbili, hii na ile. Badala yake nikajikuta katika hadithi ndefu ya wataalamu ambao kwa miaka mingi walidhani moyo ukishanyooka mdundo, basi mgonjwa amepona, na ya hesabu zilizokuja kuwaumbua.

Nianze na ndwele yenyewe. Ya mama mdogo ilianzia kooni. Alipokuwa mtoto aliumwa koo, likapoa, na baada ya wiki kadhaa magoti yakavimba, kisha viwiko. Wazee wakasema ni baridi yabisi, akakandwa mafuta. Viungo vikapona. Kilichokuwa kimetokea ni kwamba vijidudu vya streptokoki vilivyomuuma koo viliuchokoza mwili ukatengeneza kinga, na kinga hiyo ikageuka kushambulia mwili wenyewe, hasa vali za moyo, ile milango midogo inayozuia damu isirudi ilikotoka. Magoti husahau. Vali haisahau, hubaki na makovu. Ya kwake iliyo upande wa kushoto, baina ya chumba cha juu na cha chini, ikaendelea kubana polepole bila yeye kujua, mpaka akapata mimba ya pili. Mimba huongeza damu mwilini, na mlango uliobana ukashindwa kuipitisha. Alikuwa hawezi kulala chali. Ndipo alipopigwa eko, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kwa mara ya kwanza.

Mdundo uliharibika baadaye sana. Damu iliyokuwa ikisukumana kupita kwenye vali iliyobana ilikitanua chumba cha juu mwaka baada ya mwaka, na chumba kilichotanuka na kujaa makovu hakipitishi umeme vizuri. Kwa kawaida kifundo kidogo cha seli upande wa juu kulia hutoa umeme mara 60 hadi 100 kwa dakika, na moyo mzima hufuata. Kwa mama mdogo vyumba vya juu havipigi tena, vinatetemeka tu (madaktari huita atrial fibrillation), zaidi ya mara 300 kwa dakika, na mawimbi machache ndiyo yanayopenya hadi vyumba vya chini bila mpangilio wowote. Yeye mwenyewe husema moyo wamcheza chakacha. Kisha hujirekebisha: "Chakacha ina mdundo wake. Huu wacheza bila ngoma."

Hatari kubwa haiko kwenye hiyo ngoma. Iko kwenye damu inayotuama. Chumba kinachotetemeka hakijikamui, na damu iliyotuama huganda. Kipande kikimeguka hupanda kichwani, na mtu aliyelala mzima akaamka upande mmoja umepooza. Watafiti waliowafuatilia wakaazi wa mji wa Framingham, Marekani, kwa miongo mingi walikuta kwamba mdundo huu pekee huongeza hatari ya kiharusi kama mara 5. Kwa mtu ambaye juu ya mdundo ana vali iliyobanwa na baridi yabisi, waliona kama mara 17. Nilisoma namba hiyo mara mbili. Ndiyo inayomfanya mama mdogo ameze warfarin, na ndiyo inayoeleza kwa nini swali la vidonge vya London si la kujibiwa kwa ujumbe wa sauti.

Sasa hadithi. Mwaka 1912 mfanyabiashara mmoja wa Kiholanzi alikwenda kumwona Karel Frederik Wenckebach, mmoja wa mabingwa wa mdundo wa moyo wa zama hizo. Ndwele yake ilikuwa hii hii. Wenckebach akamwambia kwamba hana dawa ya kuunyoosha moyo huo. Yule bwana akamjibu kuwa dawa anayo yeye: akimeza gramu moja ya kwinini, moyo hutulia. Bingwa hakuamini. Kesho yake asubuhi mgonjwa akarudi, mshipa wa mkono ukipiga sawasawa. Kwinini! Ile ile ya malaria, ambayo sisi wa Pwani tuliokwisha kula chumvi kidogo tumenyweshwa kwa kubanwa pua. Wenckebach aliandika habari hiyo mwaka 1914, na mwaka 1918 Mjerumani Walter Frey akaonyesha kwamba dawa iliyo jirani na kwinini, itokayo kwenye magome hayo hayo, ilifaa zaidi. Hiyo ni kwinidini. Ikatumika kwa miongo mingi, na kila daktari aliyeitoa aliona kwa macho yake mdundo ukinyooka.

Mwaka 1990 watafiti wakajumlisha majaribio sita yenye wagonjwa 808 kwa pamoja. Baada ya mwaka mmoja nusu ya waliomeza kwinidini walikuwa bado na mdundo ulionyooka, na kwa wasioimeza ilikuwa robo. Ushindi. Kisha wakahesabu waliokufa. Waliomeza: asilimia 2.9. Wasiomeza: asilimia 0.8. Vifo vyenyewe vilikuwa vichache, hesabu ndogo huyumba, lakini hakuna aliyetaka kuona namba zikielekea upande huo.

Kufikia hapo pigo kubwa zaidi lilikuwa limeshaanguka. Utafiti ulioitwa CAST ulichukua watu waliopata mshtuko wa moyo na ambao mioyo yao ilikuwa na mapigo ya ziada kutoka vyumba vya chini. Ilijulikana kwamba wenye mapigo hayo hufa zaidi. Basi, wakafikiri, yaondoe mapigo, uwaokoe watu. Mantiki hiyo haina tundu, mimi ningeifundisha darasani bila kusita. Dawa mbili, flecainide na encainide, ziliyaondoa mapigo kweli kweli, na madaktari walikuwa wakiziandika kila siku. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa mwaka 1989 kabla ya wakati wake. Hesabu kamili ilipochapishwa 1991, katika wagonjwa 755 waliopewa dawa walikuwa wamekufa 63, na katika 743 waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa wamekufa 26. Dawa ilitibu karatasi ya kipimo, ikaua mwenye karatasi.

Hapo nilisimama nikatembea hadi barazani kupunga upepo. Kilichonishika si ukatili wa dawa, kwa sababu dawa haina nia. Ni kwamba hakuna daktari mmoja mmoja ambaye angeweza kuliona jambo hilo. Aliyekuwa na wagonjwa 20 angeona ishirini walionyooka mapigo, mmoja au wawili wakafariki, na watu wenye moyo mbovu hufariki. Ilibidi wapatikane watu zaidi ya elfu, wagawanywe kwa bahati nasibu, wasijue wanameza nini, halafu mtu avumilie kuhesabu maiti.

Tangu hapo uwanja huu umekuwa ukijisahihisha kwa namna inayochosha na kupendeza. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba kwa wagonjwa wengi cheche zinazowasha mtetemo hutoka kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni, na ndio msingi wa tiba ya kuingiza waya mwembamba kupitia kinena na kuzichoma sehemu hizo. Mwaka 2002 utafiti wa AFFIRM, wenye wagonjwa 4,060, ukakuta kwamba kuhangaika kurudisha mdundo kwa dawa hakuongezi maisha kuliko kuuacha ulivyo na kuupunguza kasi tu. Mwaka 2020 utafiti mwingine, wagonjwa 2,789, ukasema subirini, ukiwahi mapema mdundo haujazoea kuvurugika, kuurudisha kunasaidia. Kwa mama mdogo mapema ilishapita, na chumba chake kilivyotanuka hakuna anayemzungumzia habari ya kuchoma. Yeye anapunguzwa kasi tu, na kufanyiwa damu nyepesi.

Turudi kwenye damu nyepesi. Binamu yangu hakusema uongo kuhusu sumu ya panya. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walikuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alibeba ng'ombe aliyekufa na debe la damu isiyoganda, akaendesha gari katikati ya dhoruba ya theluji hadi chuo kikuu, akaangukia maabara ya Karl Link. Kutokana na majani yale kukapatikana kemikali, na kutokana na kemikali hiyo ikaja warfarin, iliyouzwa mwaka 1948 ya kuulia panya na mwaka 1954 ikaidhinishwa kwa watu. Mwaka uliofuata Rais Eisenhower alipopata mshtuko wa moyo, akapewa. Sasa asili ya dawa inathibitisha nini? Kwinini ni gome la mti. Kinachotakiwa kujulikana ni nani alipona na nani hakupona.

Na dawa mpya? Zilijaribiwa, tena vizuri. Dabigatran ilichapishwa 2009 kwa wagonjwa zaidi ya 18,000, rivaroxaban 2011 kwa zaidi ya 14,000, apixaban mwaka huo huo kwa zaidi ya 18,000. Zote zilionekana kuwa sawa na warfarin au kuishinda katika kuzuia kiharusi, na uvujaji damu ndani ya ubongo ulikuwa mdogo zaidi. Hakuna mchicha wa kupima, hakuna sindano ya kila mara. Binamu yangu angekuwa anazungumza na jirani yake wa London mwenye mdundo kama huu, shinikizo la damu na umri wa miaka 75, ningemuunga mkono kwa mikono miwili.

Lakini ukisoma ukurasa unaoeleza nani aliruhusiwa kuingia katika majaribio hayo, unakuta kwamba watu wenye vali iliyobana kama ya mama mdogo waliachwa nje. Maelfu yote hayo ya wagonjwa, na mfano wake hamna. Si njama. Majaribio yaliegemea nchi ambako homa ya baridi yabisi imekuwa ugonjwa wa vitabuni, kwa hiyo mdundo unaovurugika huko ni wa uzee, wa presha, wa unene. Wa kwetu huanzia kwa mtoto aliyeumwa koo. Utafiti wa REMEDY, ulioongozwa na marehemu Profesa Bongani Mayosi wa Cape Town, ulikusanya wagonjwa 3,343 wa moyo wa baridi yabisi kutoka nchi 12 za Afrika, Kenya ikiwemo, pamoja na India na Yemen. Wengi wao walikuwa vijana na wengi wanawake.

Halafu ukaja INVICTUS, na hapa ndipo nilipompigia binamu simu usiku. Wagonjwa 4,565 wenye moyo wa baridi yabisi na mdundo uliovurugika, kutoka nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Wastani wa umri miaka 50 na kidogo, karibu robo tatu wanawake. Yaani mama mdogo, mara elfu kadhaa. Nusu wakapewa dawa za jamii ya warfarin, nusu rivaroxaban, kidonge kile kile kilichokuja na soksi. Watafiti walitarajia kuona kwamba kidonge kipya hakizidiwi na cha zamani. Matokeo yalitangazwa Agosti 2022. Waliopata kiharusi, mshtuko wa moyo, damu kuganda mahali pengine au kifo cha moyo na mishipa walikuwa 560 kati ya 2,275 wa rivaroxaban, na 446 kati ya 2,256 wa dawa ya kale. Vifo vilikuwa vichache zaidi kwa dawa ya kale, na uvujaji mkubwa wa damu haukutofautiana kwa maana. Tena wagonjwa walipoanza utafiti, ni kama theluthi moja tu ya waliokuwa wakitumia warfarin ambao kipimo chao kilikuwa kwenye mstari unaotakiwa.

Kwa nini? Hili ndilo linalonifanya niupende utafiti huu. Tofauti kubwa haikutokana na kiharusi. Ilitokana na watu kufa ghafla na kufa kwa moyo kuchoka, mambo ambayo dawa ya kuzuia damu kuganda haitazamiwi kuyagusa. Wako waliouliza kama kule kwenda kliniki kila mara kutolewa damu, ile ile adha ya feri na foleni, ndiko kulikowaweka hai kwa sababu kila safari mtu aliwaona, akawapima, akawauliza kuhusu miguu kuvimba. Inawezekana. Haijathibitishwa, na mimi sitaisimulia kama imethibitishwa ati kwa kuwa inanipendeza. Miongozo ya Marekani na ya Ulaya iliyotoka baada ya hapo inaendelea kuwaelekeza wenye vali iliyobana kwa kiasi kikubwa kwenye warfarin.

Binamu alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi nitumie huo utafiti." Nikautuma. Daktari wa mama mdogo, tulipomfikia, hakuhitaji kutumiwa. Aliiangalia pakiti, akatikisa kichwa, akasema vidonge hivi ni vizuri sana kwa mtu mwingine. Akatuuliza pia habari ya Ramadhani, maana mlo ukibadilika na saa za dawa zikibadilika kipimo huyumba, naye humpima mapema mwezi ukiingia.

Binamu hakukaa kimya muda mrefu. Ana saa ya mkononi inayosoma mdundo wa moyo, akataka tumnunulie mama mdogo moja. Utafiti mkubwa wa saa za Apple uliandikisha watu 419,297 na walioonywa kwamba mdundo wao una kasoro ni asilimia 0.52 tu. Saa husaidia kugundua. Mama mdogo amegunduliwa zamani. Pesa hizo zingemfaa zaidi mtoto wa Likoni anayeumwa koo leo, kwa sababu penisilini ya koo ni rahisi, na kwa aliyekwisha kuguswa na homa ile, sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne huilinda vali isizidi kuharibika. Binamu amesema atafikiria.

Limebaki suala la kahawa, ambalo barazani kwetu lina uzito kuliko yote niliyoandika hapa juu. Mama mdogo aliambiwa zamani, hakumbuki na nani, kwamba mwenye moyo wake asinywe kahawa. Ajabu ni kwamba wanaomkataza ni hao hao wanaotafuna muguka kutoka adhuhuri, na muguka na miraa zina kathinoni, ambayo hupandisha mapigo na presha bila ubishi. Mwaka 2023 watafiti wa San Francisco waliwachukua watu wazima 100 wenye afya, wakawa wanawatumia ujumbe kila siku: leo kunywa, leo usinywe. Mapigo ya ziada ya vyumba vya juu hayakuongezeka kwa maana siku za kahawa. Ya vyumba vya chini yaliongezeka, usingizi ukapungua kwa zaidi ya nusu saa, na watu wakatembea zaidi. Kisha mwaka 2025 ukatoka utafiti wa wagonjwa 200 ambao mdundo wao ulikuwa umenyooshwa kwa umeme. Walioruhusiwa kahawa, walau kikombe kwa siku, asilimia 47 yao mdundo ulivurugika tena. Waliokatazwa, asilimia 64.

Nilimsomea mama mdogo, nikamweleza na upande wa pili: hao si watu wa vali kama yake, na yeye mdundo wake haurudishwi, kwa hiyo namba hizo si zake moja kwa moja. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama kahawa waliyopewa ni hii chungu ya buli yenye tangawizi, ama ni ile ya maziwa ya Wazungu. Nikamwambia amuulize daktari Jumanne, akienda kupimwa.